Safari ya boti ya siku moja Ziwa Nyasa kutoka Mbeya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Baridi ya Mbeya ikianza kuuma, watu hukumbuka kwamba nyuma ya milima kuna joto, mchanga na maji. Hapo ndipo makundi ya WhatsApp huchangamka: tukodi boti, twende visiwani, tushinde huko, jioni turudi. Maswali yanayofuata ni yaleyale kila mwaka, kwa hiyo tumeyakusanya hapa na majibu yake. Mengi yanahusu Matema, wilayani Kyela, kwa kuwa ndiko wasafiri wengi wa Mbeya na Tukuyu, na hata wa kutoka Iringa, huishia.

Matema kuna visiwa?

Hakuna. Tunalitanguliza jibu hili kwa sababu kila kundi lina mtu mmoja aliyeona picha mtandaoni akaapa kuwa ni kisiwa cha Matema. Anachokiona mara nyingi ni rasi ya Ikombe, ile nchi inayochomoza majini upande wa milima. Ukiitazama kutoka ufukweni asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, kweli inaonekana kama imejitenga na nchi kavu. Haijajitenga.

Ziwa Nyasa limekaa ndani ya Bonde la Ufa. Ni refu na jembamba, zaidi ya kilometa 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wake hauzidi sana kilometa 75. Kina chake kikubwa ni kama mita 700. Upande wetu wa mashariki, Milima ya Livingstone inapanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa ziwa uko chini ya mita 500. Yaani mlima hauishii kwenye tambarare ndipo maji yaanze. Unaingia majini hivyohivyo ulivyo, na kuendelea kushuka. Hiyo ndiyo sura utakayoiona ukiwa ndani ya boti, na wengi wakishaiona huacha kabisa kuulizia kisiwa.

Basi visiwa vyenyewe viko wapi?

Kwa upande wa Tanzania, nenda Mbamba Bay, mkoani Ruvuma. Huko kuna Puulu na Lundo. Lundo kiko kwenye mwambao wa kati ya Mbamba Bay na Liuli. Ni visiwa vya mawe makubwa na miti, na maji yake ukiyatazama kutoka juu unaona samaki wanapita chini. Boti hukodiwa Mbamba Bay kwenyewe, na hapo ndipo safari ya kisiwani ya kwenda na kurudi siku moja inapokuwa na maana.

Tatizo ni kufika. Kutoka Mbeya unapita Makambako, Njombe, Songea na Mbinga ndipo ushuke ziwani. Lami sasa inafika hadi Mbamba Bay, lakini hiyo ni siku nzima ya barabara hata kama dereva wako hapendi kusimama. Panga angalau usiku mbili. Ukishafika, tenga muda uende Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ile ya Misri, na Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia pale meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na siku chache tu. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kuwa vita vimeanza, na kwamba yeye na mwenzake wa Kiingereza walikuwa wakifahamiana.

Visiwa vikubwa unavyovisikia, Likoma na Chizumulu, ni vya Malawi, ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Hiyo ni safari ya pasipoti, si ya Jumamosi. Na anayetaka kisiwa cha maji ya chumvi, Mbudya na Bongoyo viko jirani na Dar es Salaam: boti ni ya muda mfupi sana, ila basi la kutoka Mbeya litakula siku yako yote kabla hujaiona hiyo boti.

Naweza kutoka Mbeya mjini asubuhi, nikapanda boti, nikarudi kulala kwangu?

Unaweza. Hatukushauri.

Hesabu iko hivi. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilometa kama 70, kisha kuna mteremko hadi njia panda ya Kikusya, halafu Ipinda, halafu Matema. Kwa gari la kukodi tenga saa tatu hadi nne, maana kuna malori ya mpakani, kuna vituo vya ukaguzi, na kuna rafiki ambaye lazima anunue ndizi Tukuyu. Ukitaka kuwa majini saa moja asubuhi, na tutaeleza hapa chini kwa nini ni muhimu, itabidi mtoke Mbeya saa tisa usiku. Dereva asiyelala, barabara ya kona, ukungu. Kwa boti tu?

Mpango mzuri ni kutoka Ijumaa mchana, kulala Matema, kupanda boti Jumamosi alfajiri na kurudi Mbeya mchana au Jumapili. Nyumba za wageni zipo za aina zote, kuanzia zile za kanisa zenye vyumba vya bei ya wastani hadi sehemu za kupiga hema kwenye mchanga. Mwisho wa mwaka na wakati wa Pasaka hujaa, kwa hiyo pigeni simu mapema.

Kwa usafiri wa umma inakuwaje?

Kosta za Tukuyu na Kyela zipo tangu alfajiri. Shukeni Kikusya mtafute gari la Ipinda na Matema, au mfike Kyela mjini muanzie hapo. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema ina lami siku hizi, kwa hiyo zile hadithi za kusukuma gari kwenye tope la Ipinda waachieni wakubwa wenu. Kundi la watu wanane au zaidi likikodi Noah au kosta ndogo, mara nyingi gharama inakaribiana na nauli, na mnabaki na uhuru wa kusimama.

Kila mtu awe na kitambulisho. Kyela ni wilaya ya mpakani.

Miezi gani ni mizuri?

Hapa ndipo penye mgongano mkubwa kati ya watu wa Mbeya na ziwa. Sisi hutamani kushuka Juni na Julai kwa sababu ndiyo miezi ya baridi kwetu. Ziwa nalo, kati ya Mei na Agosti, linapigwa na mwera, upepo wa kutoka kusini-mashariki. Ziwa hili limelala kaskazini kwa kusini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Wimbi linalosukumwa na mwera lina mamia ya kilometa za kujikusanyia nguvu kabla ya kutufikia. Siku ambayo ufukweni unaona upepo wa kawaida tu, katikati kunaweza kuwa na mawimbi ambayo boti ndogo haipaswi kukutana nayo.

Machi hadi Mei ni mvua, na mvua ya Kyela si ya kuchezea. Ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Radi juu ya maji ni sababu tosha ya kubaki nchi kavu.

Septemba, Oktoba na mwanzo wa Novemba ndiyo miezi yetu. Mwera umepungua, mvua bado, maji yametulia na yanaonyesha mpaka chini. Joto la Kyela wakati huo ni kali, lakini joto si ndilo lililowatoa Mbeya?

Kwenda Juni au Julai si marufuku. Ila nenda ukiwa tayari kuambiwa "leo haiendeki", na uwe na mpango wa pili wa siku hiyo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe, pamoja na tahadhari za upepo mkali zinazotolewa kwa maziwa makuu. Kisha muulizeni mvuvi aliyetoka majini alfajiri hiyo. Hao wawili wakipingana, sikilizeni mwenye jibu baya zaidi.

Kwa nini kila mtu anasisitiza kuondoka alfajiri?

Kwa sababu ziwa la saa moja asubuhi na ziwa la saa nane mchana ni kama maziwa mawili tofauti.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa ya baridi ya mlimani hushuka kuelekea ziwani. Upepo huo ni mwepesi na unatoka nyuma ya ufukwe, kwa hiyo alfajiri maji ya karibu na pwani yanakuwa shwari. Jua likipanda, tambarare ya Kyela inapata moto, hewa inainuka, na upepo unageuka: sasa unatoka ziwani kuja nchi kavu, tena unazidi kadiri mchana unavyosogea. Siku za mwera, pepo hizo mbili hukutana zikielekea upande mmoja.

Milima nayo ina lake. Iko mashariki, kwa hiyo jua huchelewa kuifikia pwani ya Ikombe. Mtakaa kivulini kwa muda mrefu mkiwa majini, na hilo ngozi zenu zitashukuru.

Kanuni tunayoifuata: saa moja asubuhi boti iwe imeng'oa, na kabla ya saa saba mchana miguu iwe imekanyaga mchanga wa Matema. Kama nahodha anasema turudi saa nne, rudini saa nne. Msimbembeleze, na msimpe pesa ya ziada ili abaki. Mtu anayepokea pesa ya ziada kukaa kwenye hali mbaya si mtu wa kumpa maisha ya watu kumi.

Boti zipo za aina gani?

Mitumbwi ya kuchonga inayokwenda kwa kafi, mitumbwi mikubwa iliyofungwa injini, na boti za mbao au faiba za watu binafsi na za nyumba za wageni. Kwa kundi la marafiki ambao nusu yao hawajawahi kukaa kwenye mtumbwi, chukueni boti pana yenye injini. Mtumbwi wa kuchonga ni mzuri kwa watu wawili wanaokaa kimya. Marafiki wanane hawawezi kukaa kimya.

Kabla ya kukubaliana, iangalieni kwa macho yenu. Iko kavu ndani? Kuna chombo cha kuchotea maji? Kuna makasia endapo injini itazima? Injini inawaka kwa mara ya kwanza au inavutwa mpaka mtu anatoka jasho? Vyombo vidogo vya majini hutakiwa kusajiliwa na kukaguliwa, na kazi hiyo iko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kuuliza cheti si utovu wa adabu, na mwenye chombo kizuri hujibu swali hilo bila kununa.

Maboya ya kuvaa ni lazima?

Ndiyo, kwa kila mtu, kutoka mnapopanda hadi mnaposhuka, na yamefungwa. Boya ulilolikalia halina tofauti na mto wa kiti. Kama yaliyopo hayatoshi, boti inabeba watu wanaolingana na maboya, wengine wanasubiri safari ya pili. Watoto wapate ya saizi yao. Boya la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini.

Tuko kumi na tano. Tunaweza kuingia boti moja?

Idadi inaamuliwa na chombo, siyo na urafiki wenu. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 1996, MV Nyerere ikazama ziwa hilohilo Septemba 2018, na kote msongamano wa watu ulikuwa sehemu ya habari. Kama hilo liliwezekana kwa meli na kivuko, boti ya mbao haina ubishi. Kodini mbili. Zina faida nyingine pia: zikienda pamoja, moja ikipata shida nyingine ipo.

Bei ikoje?

Hubadilika na mafuta, msimu na jinsi mlivyoshuka kwenye gari, kwa hiyo hatuiandiki. Tunachoweza kuwaambia ni namna ya kuzungumza.

Ulizeni bei ya boti nzima, siyo ya kichwa. Ulizeni kama mafuta yamo ndani. Tajeni kituo kwa kituo: Matema hadi Ikombe, kusimama kwenye miamba, kusubiri saa mbili, kurudi. Neno "kuzunguka" lisitumike kabisa, maana kila mtu ana kuzunguka kwake. Toeni sehemu ya pesa ya mafuta mwanzoni na iliyobaki mkishuka. Na azungumze mtu mmoja tu kwa niaba ya kundi. Wakizungumza watatu, bei inakwenda kwa yule aliyeonyesha hamu zaidi.

Mchango wa kundi tuushikeje?

Chagueni mhazini mmoja mwenye roho ngumu. Tarehe ya mwisho ya kutuma iwe siku tatu kabla, na boti pamoja na chakula vihesabiwe kwa idadi ya waliolipa, wala si waliosema "nipo". Aliyeghairi usiku wa kuamkia safari harudishiwi sehemu ya gari na boti, kwa kuwa kiti chake kimekodiwa tayari. Liandikeni hilo mapema. Likisemwa baada ya tukio linageuka ugomvi, likisemwa kabla ni utaratibu tu.

Boti inatupeleka wapi hasa?

Wengi huenda Ikombe, na tunakubaliana nao.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, watu wa mwambao huu unaoendelea kusini hadi Ludewa, na wanawake wake ni wafinyanzi. Vyungu vinavyouzwa Tukuyu, Mbeya na kwingineko vikiitwa vya Kyela, vingi chanzo chake ni huku. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Udongo unakandwa, unainuliwa kwa mikono, unakwanguliwa hadi unakuwa mwembamba kuliko unavyodhani chungu kinaweza kuwa, kisha unasuguliwa, unapambwa na kuchomwa. Chukua kimoja mkononi, utashangaa wepesi wake. Vinasafirishwa kwa mitumbwi, vimepangwa juu hadi mtu anayepiga kafi anakaribia kufunikwa.

Jumamosi kuna soko Lyulilo, kijiji cha jirani na Matema, na vyungu hufika hapo kwa maji kutoka Ikombe. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchagua Jumamosi. Mnaweza kwenda Ikombe alfajiri mkaona kazi inavyofanyika, kisha mkarudi kupitia Lyulilo soko likiwa limechangamka.

Mkifika, adabu ya kawaida. Salimieni kwanza. "Ugonile" inaeleweka Kyela nzima na inafungua nyuso, na "ndaga" mwishoni haigharimu kitu. Mtu mzima mpeni shikamoo yake. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na aliyewapigisha picha nusu saa akiwa kazini nunueni kitu kwake. Msishushe bei ya chungu kana kwamba ni plastiki ya mnadani.

Kati ya Matema na Ikombe kuna miamba inayoingia majini, na hapo ndipo pa kusimamisha injini. Vaeni miwani ya kuzamia kama mnayo. Samaki wadogo wa bluu, wa njano, wenye milia, wanazunguka mawe kama hawana habari na ninyi. Ziwa Nyasa lina aina za samaki nyingi kuliko ziwa lolote duniani, zinahesabiwa kwa mamia, na karibu wote wa jamii hii ya miambani hawapatikani popote pengine. Wengi wana desturi ya ajabu: mama hubeba mayai mdomoni, na vifaranga wakishatoka huwafungulia wale nje kidogo, hatari ikija anawarudisha mdomoni. Ukikaa kimya juu ya maji dakika kumi unaweza kuliona. Mawe msiyaguse wala msiyasogeze. Hayo ni makazi yao.

Kusini zaidi ya Ikombe mwambao unaingia mkoa wa Njombe, kuna Lumbila na Lupingu, mahali ambapo kwa wakazi wengi boti ndiyo barabara. Ni kuzuri sana. Siyo kwa siku moja.

Mimi sijui kuogelea. Nije?

Njoo. Vaa boya, kaa katikati ya boti, na uogelee kwenye mchanga wa Matema ambako chini kunashuka taratibu. Kwenye miamba ubaki botini. Pale kina kinaanza papo hapo: hatua moja uko kwenye jiwe, hatua inayofuata hakuna cha kukanyaga.

Kichocho kipo?

Kipo, na anayekuambia hakipo anataka kukupangisha chumba.

Kichocho huletwa na minyoo ambayo sehemu ya maisha yake huishi ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Wakitoka kwa konokono huelea majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu, bila kidonda na bila maumivu ya kukushtua. Konokono hao hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani na matete, na karibu na mahali watu wanapojisaidia au kufulia. Kwa hiyo hatari haiko sawa kila mahali. Vidimbwi vya pembeni, midomo ya mito na sehemu zenye majani, epukeni. Maji ya wazi yenye kina, mbali na ufukwe, yana hatari ndogo.

Ukirudi, usisubiri kukojoa damu. Wiki sita hadi nane baada ya safari, nenda kituo cha afya, eleza kuwa uliogelea Ziwa Nyasa, upimwe mkojo na choo. Ukipimwa mapema mno majibu yanaweza kusema huna wakati unao. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inapatikana. Kipimo chake hutegemea uzito wako, kwa hiyo usijipimie mwenyewe kwa ushauri wa jirani.

Na mamba?

Wapo, hasa karibu na midomo ya mito inayoingia ziwani. Wenyeji wanajua wapi watu wanaoga na wapi hawaogi. Ogeleeni wanapooga wao. Usiku msiingie majini.

Malaria?

Mbeya mjini mbu tunawasahau, Kyela hawatusahau. Chandarua, mikono mirefu jioni, dawa ya kupaka. Homa ikija ndani ya wiki chache baada ya kurudi, kapime siku hiyohiyo.

Nimeona moshi mweusi unapanda katikati ya ziwa. Kuna meli inaungua?

Hapana. Ni wadudu, vijinzi vidogo mno vinavyotoka majini kwa mamilioni na kupanda juu kama nguzo ya moshi. Havina madhara, haviumi. Upepo ukivileta kwenu, funikeni pua na mdomo kwa khanga na mfumbe macho hadi vipite. Kuna wakazi wa mwambao wa ziwa hili ambao huvikusanya, wakavikanda na kuvipika vikawa kitoweo. Ukipata bahati ya kukaribishwa, onja. Ladha yake ni ya samaki kidogo.

Tule nini?

Botini: vitu vikavu na vyepesi. Chapati, mayai ya kuchemsha, machungwa, karanga, na maji ya kunywa ya kutosha, lita mbili kwa kila mtu. Maji ya ziwa yasinyweke bila kuchemshwa hata kama yanaonekana kama ya chupa.

Chakula chenyewe kiagizeni Matema kabla ya kuondoka, kiwe tayari mkirudi. Mtu aliyekaa majini tangu alfajiri hana subira ya kuangalia mkaa ukiwashwa. Agizeni mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela. Mbasa ni wa ziwa hili tu, na hupanda mito kwenda kutaga, ndiyo maana nyavu zinazofunga midomo ya mito zimemwathiri sana. Mkikosa mbasa msilalamike. Usipa wapo, wanavuliwa usiku kwa taa, na usipa wabichi waliokaangwa siku hiyohiyo wanatosha kumnyamazisha mtu.

Takataka mlizokwenda nazo mrudi nazo.

Bia botini?

Hapana. Mkirudi nchi kavu, ninyi na mhazini wenu.

Natapika kwenye gari. Majini nitakuwaje?

Alfajiri maji yakiwa shwari huenda usihisi kitu. Kula kidogo, usipande na njaa wala na supu ya kongoro. Kaa katikati, karibu na nyuma, upande ambao moshi wa injini hauji. Tazama milima, simu weka mfukoni. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika havikai tumboni. Vingine huleta usingizi.

Nguo gani?

Nyepesi za kufunika, kofia inayofungwa kidevuni, khanga au kikoi. Nguo za kuogelea ni za majini na ufukweni. Kijijini Ikombe na sokoni Lyulilo jifungeni khanga, wake kwa waume. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Na koti. Soma swali la mwisho.

Badala ya boti, hatuwezi kupanda meli?

Mnaweza, ila ni safari ya aina nyingine. MV Mbeya II hubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, na hushuka kutoka bandari za Kyela kuelekea Mbamba Bay ikisimama kwenye vijiji vya mwambao. Ni njia nzuri ya kufika kwenye visiwa vya Puulu na Lundo bila kuzunguka Songea, kama mna siku za kutosha na hamna haraka. Ratiba hubadilika, kwa hiyo thibitisheni bandarini siku chache kabla.

Boti ikipata shida katikati?

Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa nchi kavu, kwa mfano mwenye nyumba ya wageni, majina yenu, rangi ya boti, mnakokwenda na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, yeye ndiye wa kuanza kutafuta. Mtandao hukatika mkiwa chini ya milima, msiutegemee. Penye mtandao, namba ya dharura ni 112. Boti ikipinduka, shikeni boti. Inaelea na inaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu, na nchi kavu huwa mbali kuliko macho yanavyosema.

Kurudi Mbeya jioni kuna tatizo?

Tatizo ni Isyonje, pale juu barabarani kati ya Kiwira na Mbeya. Mmetoka kwenye joto la chini ya mita 500, nguo zina unyevu, kila mtu amelala, na gari linapanda kupita Tukuyu na Kiwira hadi kwenye ukungu ambao taa za gari hazipenyi vizuri. Koti tulilowaambia ni la hapa. Dereva awe ni mtu ambaye hakwenda botini, aliyelala mchana, na abiria wa mbele abaki macho azungumze naye. Mkitoka Matema saa tisa mchana mnapita Isyonje kabla giza halijawa zito. Mkichelewa zaidi ya saa kumi na moja, laleni Tukuyu, vyumba vipo, asubuhi mnanunua parachichi na kufika Mbeya kabla ya saa nne.